Muchele wa Mama Ngoie

Waswahili husema kuhusu mtu aliyeishi miaka mingi kwamba amekula chumvi nyingi. Mimi nimeila kwa maana zote mbili, na ndiyo sababu mwezi uliopita nilijikuta kwenye benchi la kituo kimoja cha afya hapa Kolwezi, mkono wa shati umekunjwa mpaka begani, nikingoja kupimwa presha, ambayo sisi huku tunaiita tension kana kwamba ni jina la jirani mkorofi. Sipendi mabenchi ya wagonjwa. Kila anayekaa hapo anakuchungulia kutafuta ugonjwa wako umejificha wapi. Nilipoitwa ndani nilimkuta muuguzi wa makamo, mnene kiasi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, na mbele yake mezani, kando ya mashine ya kupimia, kopo la bati lililowahi kuwa la maziwa ya unga, rangi ya bluu imebanduka na ubavu mmoja umebonyea. Nililijua kopo lile kabla sijamjua yeye. Nyuso za watu hubadilika, lakini kopo likishabonyea limebonyea. Alinifunga kitambaa cha mashine, akapampu, akasikiliza, akatikisa kichwa, kisha akasema polepole, akitamka kila silabi kama mtoto anayesoma ubaoni: "Tata, inafaa upunguze chu-mvi." Hapo nikamtazama vizuri. "Bwalya," nikasema. Akavaa miwani. "Ni Zefu," nikamwambia, "Zefu wa Manika, wa ku fast-food ya Mama Ngoie." Aliushika mkono wangu, ule ule uliofungwa kitambaa, na tukakaa hivyo huku wagonjwa wa nje wakikohoa kutukumbusha kwamba wapo.

Mwaka ninaoutaka hapa ni ule ambao wachimbaji walianza kumiminika Kolwezi kutoka kila pembe ya Kongo, vijana wenye beleshi na gunia, wakifuata shaba na kobalti. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani kwenye uwanja wa malori, na nilipanga chumba nyuma ya nyumba ya Mama Ngoie. Kilikuwa na kitanda, meza isiyotulia, na ukuta mmoja uliogusana na jiko. Ukuta huo ndio uliokuwa redio yangu. Nilisikia mafuta yakichemka, visu, kicheko cha mama mwenyewe, na maneno aliyotupiana na Tata Donat, shemeji yake, ndugu wa marehemu mume wake, aliyekuwa akichoma michopo, yaani nyama ya mbuzi, kwenye pipa lililopasuliwa mbele ya mlango. Mama Ngoie alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo, Mluba wa kaskazini, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na hakuwa na mtoto aliyebaki hai. Wapangaji wake ndio tuliokuwa watoto wake, tukitaka tusitake. Ukichelewa kula anakuja kugonga mlango na sahani mkononi.

Juu ya mlango wa mbele fundi rangi alikuwa ameandika kwa herufi nyekundu: FAST-FOOD. Neno hilo Mama Ngoie alilitoa Lubumbashi, alikokwenda kumzika dada yake, akarudi na huzuni na neno. Siku moja nilimwuliza kama anajua maana yake. Alinitazama kwa huruma. "Zefu, na masomo yako yote? Fasi ni fasi! Fasi ya kukula. Ile 'fudi' njo Kizungu." Huku kwetu fasi ni mahali na njo ni ndio, basi sikuwa na la kubisha, na mpaka leo sijapata tafsiri iliyo bora zaidi. Kwenye fasi ile kulikuwa na kuku wa kukaanga, chipsi, soseji zilizopasuliwa, mchuzi mwekundu, na juu ya kila kitu unga wa kopo. Unga huo aliutengeneza mwenyewe: chumvi, vipande vya kube, vile viungo vya mchuzi vya dukani, vilivyosagwa, na pilipili kavu. Aliuweka kwenye kopo la bluu la maziwa, ambalo gurudumu la lori lilikuwa limeligusa ubavuni siku lilipoanguka barabarani, na hakuna aliyeruhusiwa kulishika. Alichota kwa vidole vitatu vya mkono wa kuume, akainua mkono juu mpaka usawa wa kichwa, akanyunyiza. Wachimbaji walifika na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, wakakaa, wakautazama ule mkono wakati unapanda. Nilimsikia akimweleza Tata Donat kupitia ukuta: "Muntu alitosha jasho muchana muzima, lulimi yake ilisha kulala. Mi njo naamushaka." Na kweli ndimi aliziamsha. Mtu akila pale mara moja, kwingine kote chakula kilikuwa maji matupu.

Yeye mwenyewe lakini, mapenzi yake yalikuwa mengine. Akishamaliza kazi, kabla jua halijazama, alijipikia muchele na maharagwe. Niseme mapema kwamba huku hatuna neno "wali". Ukiwa mbichi ni muchele, ukiiva ni muchele, ukiungua ni muchele vilevile. Alikaa kwenye kigoda uani, sufuria katikati ya miguu, na alikula akiwa amefumba macho. Ugali, tunaouita bukari, aliula kwa wajibu, kama mtu anayelipa kodi. Muchele aliula kwa furaha. "Kwetu ku kijiji," aliniambia, "muchele ilikuwa ya Noeli tu. Sasa mi niko na Noeli kila magaribi." Nilipenda kukaa naye saa hiyo. Sijawahi kula na mtu aliyeshukuru chakula kama yeye, na nimekula na mapadre.

Mwanzoni mwa kiangazi miguu yake ilianza kuvimba. Jioni viatu havikuingia. Akawa anaumwa kichwa cha kisogoni, anafunga kitambaa kwa nguvu mpaka nyusi zinapanda, na asubuhi moja damu ilimtoka puani ikadondokea kwenye viazi. Tata Donat alimsukuma aende kituo cha afya, naye alikwenda akilalamika. Alirudi adhuhuri, akakaa kwenye kigoda chake bila kuvua kanga ya kutokea. Tulimzunguka. "Niko na tension," alisema. "Mingi sana. Ule infirmière kadogo alishituka. Anasema kama siangalie, nitaanguka." Tukamwuliza huyo muuguzi alimpa dawa gani. Alitutolea vidonge, halafu akainama. "Na anasema niache muchele. 'Mama, muchele njo inakuua.' Alirudilia mara na mara. Nilimuuliza: muchele? Anasema ndiyo, mama, muchele, kabisa, ata kidogo." Kisha akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata alipotoka kumzika dada yake. Tata Donat, ambaye hakosi mzaha, siku hiyo alikosa.

Toka hapo swali la nyumba ile likawa moja tu: Mama Ngoie atapona? Nataka ieleweke jinsi alivyojitahidi. Watu wengine wakikatazwa kitu huiba. Yeye hakuiba hata punje. Muchele wa wateja aliendelea kuupika, lakini aliugeuzia uso wakati wa kufunua sufuria, mvuke usimguse. Sisi wapangaji, kwa kumwonea huruma, tuliacha nasi kuula mbele yake. Na kwa kuwa mtu aliyenyang'anywa furaha hutafuta kiraka, jioni alianza kula bukari na makayabu, yule samaki mkavu aliyekaushwa kwa chumvi mpaka anang'aa mweupe, au sahani ya chipsi za jikoni kwake na unga wa kopo juu, vidole vitatu, mkono juu. Tulimtia moyo. "Kula, mama, upate nguvu," tulimwambia. Nilimnunulia makayabu mwenyewe sokoni Manika, nikachagua mnene. Miguu ikazidi kuvimba. Uso nao ukaanza. Nilimsikia kupitia ukuta akisema, nami sikujua kama ananena na Tata Donat au na Mungu: "Nilisha kuacha muchele. Sasa unataka niache nini tena?"

Muuguzi mwenyewe tulimwona kwa mara ya kwanza Jumapili moja baada ya misa. Aliingia msichana mwembamba mwenye kitenge kipya, akamsalimia Mama Ngoie kwa kupiga goti, akauliza habari ya dawa. Huyo ndiye alikuwa Bwalya. Alikuwa ametoka upande wa mpaka wa Zambia, kwa Wabemba, na ndiyo kwanza alikuwa amefika Kolwezi. Kifaransa chake kilikuwa cha shuleni na Kiswahili chake alikuwa anakiokota barabarani. Mama Ngoie alimkalisha meza ya katikati kama askofu. Alimletea kuku na chipsi, na kwa heshima ya mgeni wa hospitali akapunguza unga wa kopo, pilipili isimchome. Bwalya akala kipande, akalamba kidole, akasema kwa aibu: "Mama, chakula ni muzuri. Mulete tu muchele kidogo." Nilikuwa meza ya pili, nikaona uso wa Mama Ngoie ukibadilika. "Weye njo unakulaka muchele?" aliuliza. "Kidogo tu, mama," msichana akajibu, "nilizoea." Mama Ngoie akaingia jikoni, akarudi na sahani ya muchele unaofuka, akaiweka mezani kwa kishindo. Bwalya akaitazama. "Hapana hii, mama," alisema. "Muchele. Ile ya kunyunyiza." Akainua mkono wake mdogo juu ya kuku, akasugua vidole.

Kulikuwa na wachimbaji kama meza tatu, nao wakageuza vichwa. Aliyesema ni Tata Donat, kutoka mlangoni, uma wa kuchomea nyama mkononi. Aliwahi kuendesha lori mpaka Zambia. "Yesu," alisema taratibu. "Kwa Babemba, chumvi njo 'muchele'." Bwalya alitazama sahani, akamtazama mama, na nikaona akili yake ikirudi nyuma, mpaka kituoni, mpaka siku ile, foleni ndefu mlangoni, mama asiyejua Kifaransa, na yeye akitafuta haraka neno la Kiswahili na kulishika la nyumbani kwao. Akaweka mikono mdomoni. Mama Ngoie alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na wachimbaji wakacheka naye, na hata mimi nilicheka, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha kweli. Kisha tuliona hacheki tena. Alivuta ile sahani ya muchele, akaanza kula kwa mkono, amesimama, tonge baada ya tonge, bila mchuzi, bila kitu, machozi yakishuka mpaka kidevuni. "Kiangazi muzima," alisema mdomo umejaa, "nililia muchele bule." Niliumia moyo kuliko nilivyowahi kuumia kwa ajili ya mtu asiye ndugu yangu.

Alipomaliza alinawa, akakaa mbele ya Bwalya aliyekuwa analia. "Usilie. Uniambie sasa vizuri. Chumvi inanifanya nini?" Msichana akajikaza. Alisema chumvi inavuta maji ndani ya damu, damu inajaa, moyo unasukuma kwa nguvu mno, na mishipa midogo ya kichwa na ya figo inachoka. Aliuliza ndani ya kopo mna nini. Alipoambiwa, aliuliza juu ya kube, na soseji, na makayabu, na mchuzi mwekundu wa chupa, na kila tulipojibu alizidi kuzama kwenye kiti. "Yote ile, mama. Ata fasi hauione, iko." Tata Donat akatazama nyama yake. "Basi tukule majani kama mbuzi," alisema, "na mbuzi mwenyewe tumuache apite." Mama Ngoie hakucheka. Alikuwa anawatazama wachimbaji, mmoja mmoja, wale waliokuwa wakilamba vidole. "Na aba batoto?" aliuliza. "Beye pia," alisema Bwalya. "Si leo. Lakini beye pia."

Kuuliza si ujinga, na baada ya siku ile Mama Ngoie aliuliza kila kitu. Makayabu alimloweka tangu jana yake, akamwaga maji mara na mara, baadaye akamwacha kabisa. Kube akazitoa kwenye mchuzi, akaweka nyanya nyingi, kitunguu, ndimu, tangawizi. Mkono wa kuume haukupanda tena. Alichota kwa vidole viwili, chini, karibu na sahani, kama mtu anayeona haya. Wateja walinung'unika. "Mama, leo ulipikia muntu mugonjwa?" mmoja aliuliza. "Ndiyo," alimjibu. "Ni mi na weye." Wengine walihama kwenda kwa jirani aliyefungua kibanda chake mkabala na kuandika naye FAST-FOOD. Tata Donat alimwambia atafunga fasi. Nilisikia jibu kwa ukuta: "Shemeji, ba mama yabo biko mbali, ku Kasai, ku Kivu, sijue wapi. Banafikiria batoto biko banakula. Mi njo niko nabapatia sumu na mukono yangu, na banasema aksanti?" Jioni alikula muchele wake, bila chumvi, na maharagwe, amefumba macho. Miguu ilianza kupungua. Siku moja viatu viliingia, akatembea navyo uani akituonyesha, huku na huku, na tulimpigia makofi. Niliamini amepona. Sote tuliamini.

Lakini mishipa huwa haisahau kwa sababu sisi tumejirekebisha. Asubuhi moja, mawingu ya mvua ya kwanza yamekusanyika, alikuwa anamenya viazi akanitania juu ya shati langu. Kisu kilianguka. Akatazama mkono wake wa kuume kwa mshangao, kama wa mtu mwingine, akajaribu kuniambia kitu, na mdomo ulikwenda upande mmoja. Tulimpeleka kwa gari la uwanja wetu. Hakufa siku hiyo. Alirudi nyumbani akiwa na nusu yake: mkono wa kuume umelala mapajani, na ulimi haukupata majina ya vitu. Alitaka kusema maji, alisema mlango. Alitaka kuniita, aliniita Donat, akakasirika, akapiga kitanda kwa mkono wa kushoto. Mwanamke aliyekuwa na maneno kuliko soko zima akawa anaonyesha kwa kidole.

Bwalya alikuja kila adhuhuri akitoka kazini. Alimsugua mkono, akamnyoosha vidole, akamlisha, akazungumza naye huku akikosea Kiswahili na bila kujali. Kila alipoondoka alisimama uani akalia kwanza, ndipo akatoka barabarani. "Ni mi nilimuua," aliniambia siku moja mlangoni kwangu. Nilimwambia hapana, kwamba chumvi ile mama alikuwa ameila miaka na miaka kabla hawajaonana, na hilo ni kweli. Lakini kuna ukweli usiomsaidia mtu. Nadhani Mama Ngoie, ambaye tulikuwa tumemlaza karibu na jiko, alimsikia kupitia ule ukuta wangu. Kesho yake nilikuwepo. Alinielekeza rafuni kwa kidole, nikampa kitu kisichokuwa chenyewe, akakataa, nikampa kingine, akakataa, mpaka niliposhika kopo la bluu. Tulikuwa tumelijaza chumvi tupu, ya wapangaji. Alilishika kwa mkono wa kushoto, akalifunua kwa meno, akaliweka mapajani, akachota kidogo, akaukunjua mkono wa Bwalya na kuiweka chumvi katikati ya kiganja. Akamtazama. Akagusa jicho lake mwenyewe, kisha mdomo wake uliopinda, na kuutikisia kidole mdomo, hapana. Jicho tena, ndiyo. Halafu akasukuma kopo zima kifuani kwa msichana. Bwalya alipiga magoti sakafuni, na Mama Ngoie akaweka ule mkono mzima juu ya kichwa chake, akauacha hapo.

Alifariki mvua zikiwa zimekolea. Kwenye kilio majirani walipika kama desturi, nao kwa mapenzi yao yote walipika makayabu. Tata Donat aliitazama sahani yake muda mrefu, akaipitisha kwa mtu mwingine, akaenda kusimama nje kwenye mvua. Mwisho wa mwaka ule nilihamishiwa Fungurume, Bwalya akapelekwa kituo kingine, na jirani akanunua pipa la michopo. Nilikuja kula fasi nyingi baadaye, na nikarudia unga wa kopo kama mlevi, maana ulimi ni mwanafunzi mbaya. Hilo ndilo lililonileta benchini.

Basi mwezi uliopita, aliponiachia mkono, Bwalya alipangusa miwani na kuniambia kwamba hatanipitisha kwa sababu tunajuana. Kila mgonjwa anapitia kwenye kopo. Amefanya hivyo toka siku ile, alisema, kwa Waluba, Walunda, Wachokwe, kwa vijana wa machimboni wasiojua lugha yoyote ya hapa. Akalifunua, akachota kwa vidole vitatu, akaukunjua mkono wangu, akaweka chumvi katikati ya kiganja. "Hii, tata," alisema kwa sauti yake ya kazi. "Unaiona? Njo hii inakuua. Iko mu kube, iko mu makayabu, iko mu chipsi ya barabarani. Sasa weye uniambie, kusudi nijue tulisikilizana. Kwenu banaiita je?" Niliitazama ile chumvi nyeupe kidogo kwenye mistari ya mkono wangu. Kwetu ina jina, nalijua tangu utotoni. Lakini nilimtazama Bwalya, mvi zimemjaa, bado anangoja jibu la mtu mmoja mmoja miaka yote hii, na nikamjibu kwa Kibemba.

"Muchele," nikasema.

Akafunika kopo, akalirudisha mahali pake, na akamwita mgonjwa anayefuata.